Presha kuka ya umeme ya lita 6: imetupikia nini tangu tupunguze nyama

Kama umeamua kupunguza nyama nyumbani na sasa umekwama kwenye swali la "leo tunakula nini?", haya ni ya kwako. Nazungumzia presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1000, niliyoinunua hapa Morogoro kwa shilingi 185,000. Hela ni yangu, hakuna duka lililonipa bure. Nimeitumia karibu kila siku tangu mwaka jana. Sitapoteza muda kueleza vitufe, hivyo utaviona mwenyewe. Nitaeleza zaidi vyakula, kwa sababu presha kuka inanunuliwa kwa ajili ya kilichomo ndani ya sufuria.

Sababu yetu ni jongo. Mume wangu alianza kuvimba kidole gumba cha mguu, maumivu ya usiku ambayo hata shuka likimgusa anashtuka. Vipimo vikaonyesha asidi ya yuriki iko juu, daktari akasema nyama nyekundu ipungue, maini na figo viachwe, na bia iachwe pia. Tulipofika nyumbani kila jirani akaja na lake: maharage nayo yanaleta jongo, dengu nazo, uyoga nao. Nikamuuliza daktari tuliporudi kliniki. Akatueleza kuhusu utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12: waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi ndio waliopata jongo zaidi, ila mboga na mikunde yenye purini, vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki, haikuonekana kuongeza hatari. Basi maharage yakaruhusiwa, na mimi nikabaki na kazi ya kuyafanya yapendwe na watu watano, watatu kati yao watoto.

Nilianzia pale wanapoanzia wengi, kwenye simu. Ukitafuta mapishi yasiyo na nyama unaletewa tofu, kinoa, uyoga wa kopo, krimu, jibini ya aina tatu. Vitu hivyo havipo Soko Kuu la Chifu Kingalu, na vikipatikana supamaketi bei yake inazidi ya nyama tunayoiacha. Nikajaribu nyama ya soya ya pakiti. Ukiiloweka kwenye maji ya moto, ukaikamua vizuri na kuikaanga na kitunguu saumu na tangawizi inaliwa, na mwanangu wa pili anaipenda. Lakini chakula kinachojifanya nyama kinamkumbusha mtu nyama kila anapotafuna. Mume wangu alikula kimya, akamaliza, akauliza kesho kuna nini.

Mapishi yenyewe nilikuwa nimezungukwa nayo. Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani, amekula mbaazi za nazi tangu anajua kula. Jirani yangu Mama Neema ni Mpare na ni Msabato, nyumbani kwake nyama haijapikwa miaka mingi na watoto wake wana afya kama kawaida. Mwanamke anayeniuzia ndizi sokoni anatoka Mgeta, na bila kuulizwa huniambia zipi ni za kuchanganya na maharage na zipi zitavurugika. Hawa watatu wanajua mapishi mengi kuliko simu yangu, na yote kwa vitu ninavyoweza kununua kwa miguu.

Kilichokuwa kinanishinda ni saa. Natoka kazini jioni, nafika nyumbani saa kumi na moja na nusu, watoto wana njaa. Maharage makavu kwenye jiko la mkaa ni saa mbili, na kama ni ya msimu uliopita, yaliyokaa stoo kwenye joto na unyevu, yanaweza kuchemka hadi taarifa ya habari na bado yanagoma. Makande ni kazi ya siku nzima. Nusu kilo ya nyama ya kukatakata inaiva mapema zaidi. Ndiyo maana nyumba nyingi hurudi kwenye nyama. Maharage yanapendwa sana, ila hayasubiriki. Presha kuka ikaondoa kikwazo hicho, na hapo ndipo mapishi ya wale wanawake watatu yalipoanza kuingia nyumbani kwangu siku za kazi.

Nianze na mbaazi, maana ndizo zilizomgeuza mume wangu.

Mara ya kwanza kuzipika kwenye presha kuka mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla hajakaa akauliza, "Mbaazi umeziloweka?" Nikamwambia tangu jana usiku, mama. Akafunua bakuli, akachukua moja akaibonyeza kwa ukucha, akaridhika. Nikazitia kwenye sufuria ya ndani, maji yakazifunika na kupita juu kidogo, kijiko kidogo cha mafuta ili povu lisipande, nikafunga mfuniko na kuweka dakika 15. Wakati huo tukakuna nazi mbili. Tui la kwanza, zito, tukaliweka pembeni. Tukaongeza maji ya uvuguvugu kwenye machicha, tukapata tui jepesi.

Sasa hapa ndipo pa kuzingatia. Tui zito lisiingie kwenye presha. Joto la humo ndani ni kali, linapita nyuzi 110, na tui litakatika, mafuta yajitenge juu na chini yabaki maji ya kijivu. Mbaazi zikishaiva, acha mvuke utoke wenyewe mpaka kile kipini kidogo cha juu kishuke, fungua, mwaga maji yakizidi, kisha bonyeza kitufe cha kukaangia. Tia tui jepesi, kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba, chumvi, bizari ya manjano kidogo na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Zikichemka na tui likaanza kupungua, tia tui zito, na kuanzia hapo usiondoke. Koroga taratibu kuelekea upande mmoja mpaka lianze kufanya mapovu madogo ya pembeni, kisha zima. Sufuria ya ndani inashika joto, itamalizia yenyewe. Mama mkwe alionja, akakaa kidogo, akaomba sahani. Tulizila na maandazi ya hiliki, na mume wangu akaongeza mara mbili. Siku hizi Jumatano jioni ni mbaazi, wala hakuna anayeuliza nyama iko wapi.

Chakula cha pili ni mseto. Watu wa Tanga na Pangani wanaujua, sisi wa bara wengi tumekua bila kuuona. Vikombe viwili vya mchele, kimoja cha choroko zilizopaazwa. Choroko unazikaanga kikavu kidogo mpaka zinukie, unaziosha, zinachemka na tui jepesi dakika 8 kwenye presha. Ukifungua unatia mchele, chumvi na kitunguu saumu, unafunga tena dakika 6, ukimaliza unamwagia tui zito na kufunika bila presha mpaka linywewe. Unatoka mlaini, si wa kuchambuka. Wenyewe wanaula na samaki wa kukaanga, lakini mimi hutengeneza achari ya embe mbichi au kachumbari yenye ndimu nyingi, na mwanangu mdogo anaula mtupu. Kwa mtu anayeanza kupunguza nyama, chakula hiki ndicho ningekipa nafasi ya kwanza kuliko vyote, kwa sababu nafaka na mkunde vimo pamoja, chombo ni kimoja, na huhitaji mchuzi wa pembeni.

Kwa Mama Neema nilijifunza makande, na makande ndiyo yaliyonionyesha nguvu ya chombo hiki. Mahindi yaliyokobolewa na maharage unaviloweka asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni vinaingia kwenye presha dakika 50. Mama Neema anaweka karanga zilizosagwa mwishoni, karoti, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawia, na giligilani ya majani. Siri yake ni hicho kitunguu. Anasema watu wakiacha nyama wanaacha na kukaanga, wanachemsha kila kitu, halafu wanalalamika kwamba chakula hakina ladha. Nakubaliana naye kabisa. Ladha tunayoitafuta kwenye nyama, sehemu kubwa inatokana na moto, chumvi na viungo, na vyote hivyo unaweza kuvipa maharage. Tangu siku hiyo kitunguu changu nakikaanga kwa subira mpaka rangi ibadilike, na nyanya naziacha zikauke hadi mafuta yajitenge, ndipo maharage yaliyoiva yanaingia.

Nyanya zisiingie mapema, hili nalo ni muhimu. Nyanya, ndimu na ukwaju vina asidi, na asidi inayafanya maharage yachelewe kulainika hata ndani ya presha. Ivisha kwanza, unga baadaye. Na ukishakuwa na presha huhitaji magadi. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na yanaacha ladha ya sabuni ambayo watoto wangu waliikataa siku zote.

Kiburu, zile ndizi na maharage za Wachaga, nacho kinatoka vizuri kama maharage yameiva kwanza, kisha ndizi mbichi zinaingia kwa dakika 7 tu. Pilau ya dengu na viazi ni chakula chetu cha wageni, na wageni hawajawahi kulalamika. Bizari nzima, mdalasini, karafuu, pilipili manga na hiliki havitofautishi kama umeweka nyama au dengu, kinachotakiwa ni kitunguu kiungue kiasi.

Nije kwenye visivyowezekana. Ugali sahau. Sufuria ya ndani ni ndefu, inazunguka ukiusonga ugali, na utaichubua. Mchicha, tembele na majani ya maboga hayana haja ya presha, dakika chache kwenye sufuria ya kawaida zinatosha, ukiyafunga humo yanatoka yamekuwa uji wa kijani. Kisamvu nakipika humo, lakini kwa utaratibu: kisamvu kibichi kina sumu ya asili, kwa hiyo lazima kitwangwe vizuri, kisha nakichemsha kwanza bila mfuniko ili hewa yake itoke, ndipo nafunga kwa dakika 20 na kumalizia na karanga au nazi. Kwenye presha yangu kuna kitufe cha wali, sikipendekezi, wali unatoka umebandana. Nauwekea dakika kwa mkono.

Kingine cha usalama ni kitufe cha kupika taratibu kwa joto dogo. Usikitumie kamwe kwa maharage mekundu mabichi. Yana kitu kinachoitwa lektini ambacho kinaumiza tumbo na kutapisha, na kinaondoka tu yakichemka kwa nguvu angalau dakika 10. Kwa presha hakuna tatizo, kwa joto dogo tatizo lipo. Pia usijaze maharage kupita nusu ya sufuria. Yanatoa povu, na povu likiingia kwenye vali mvuke hautoki vizuri. Ndani ya sufuria yangu alama ya nusu imechorwa, ila kitabu kilichokuja nayo ni cha Kichina na Kiingereza, na jirani yangu mmoja asiyesoma lugha hizo alijaza mpaka juu. Wauzaji wangeweka japo karatasi moja ya Kiswahili.

Umeme, maana najua ndilo swali. Wati 1000 ikivuta mfululizo saa nzima ni uniti moja, lakini presha kuka haivuti mfululizo. Inavuta mpaka presha ijae, dakika 15 hivi, kisha inakata na kuwaka kidogo kidogo kutunza joto. Maharage ya kula jioni na yakabaki ya asubuhi hayafiki nusu uniti. Kwa matumizi yetu ya kawaida ya LUKU, shilingi 1,000 inatoa uniti 2.8 hivi, kwa hiyo sufuria nzima ya maharage ni chini ya shilingi 200. Kwa mkaa nilikuwa natumia zaidi ya hapo hata kabla sijaunga. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na kwa jinsi nilivyoona jikoni kwangu, maharage ndiyo mahali pa kuanzia. Ndiyo yanayokula mkaa kuliko chochote.

Umeme ukikatika katikati, saa inafutika. Ila presha iliyokwisha kujaa haipotei mara moja, na maharage yaliyolowekwa mara nyingi huendelea kuiva yenyewe. Mimi siifungui, nangoja. Umeme ukirudi naongeza dakika kwa kukisia.

Wifi yangu wa Mbeya alinunua ya aina hiyohiyo na anaisifia kuliko mimi. Nadhani ni haki yake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, hivyo maharage ya sufuria wazi yanachukua muda mrefu kuliko huku kwetu. Ndani ya presha tofauti hiyo inapungua sana.

Kasoro zake ninazijua vizuri. Raba ya mfuniko inashika harufu. Ukipika pilau leo, uji wa kesho utanukia karafuu. Nilinunua raba ya pili kwa ajili ya vitu vitamu. Kuipata Morogoro ilikuwa shida, duka nililonunulia sufuria walisema hawauzi vipuri, ikabidi niagize Kariakoo ije na basi. Rangi nyeusi ya sufuria ya ndani imeanza kuchunika pale chini, ingawa natumia mwiko wa mti. Kama ningenunua leo ningetafuta yenye sufuria ya ndani ya chuma cha pua, hata ikizidi bei. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili, fundi akaibadilisha. Usiitumie kwenye ekstensheni nyembamba, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Kuhusu afya nitasema machache tu. Hatujaacha kila kitu cha mnyama. Mayai yapo, maziwa yapo, Jumapili tunakula kuku, na hilo ni muhimu kwa sababu vitamini B12 haipatikani kwenye mboga wala mikunde. Madini ya chuma ya maharage yanaingia mwilini vizuri zaidi ukila na kitu chenye vitamini C, kwa hiyo ndimu kwenye kachumbari au chungwa baada ya chakula. Chai ya rangi tumeihamisha mbali na mlo, inazuia chuma kufyonzwa. Mume wangu bado ana dawa zake na anakwenda kliniki, sisemi kwamba sufuria imemponya. Ninachosema ni kwamba ushauri wa daktari tumeufuata kwa furaha, na hilo mwanzoni sikuliamini.

Kama mko wawili, lita 4 inatosha. Kwa watu watano kama sisi lita 6 ni sawa, kumbuka maharage yanaishia nusu ya sufuria. Kabla ya kulipa, fungua mfuniko, vuta raba uone kama inatoka na kurudi kirahisi, uliza kama raba ya akiba ipo, na waambie wachemshe maji humo mbele yako mpaka kipini kipande. Maharage ya kuanzia chukua ya njano au Jesca ya msimu huu, na umuulize muuzaji yamevunwa lini.